Nani aliyeamua kiliwe nini? Historia ya mkoba wa mama nchini Uingereza

Katika lugha yetu kuna neno moja fupi linalobeba ugomvi mwingi wa nyumbani: matumizi. Mume huacha pesa za matumizi asubuhi, mke huzipokea, na kabla ya jua kutua pesa hizo zimekwisha kuwa unga, mchele, samaki au mboga. Mtu wa nje akitazama atasema kuwa mke ndiye mwenye mamlaka ya jikoni, kwani yeye ndiye aendaye sokoni na yeye ndiye apikaye. Lakini kuna maswali mawili ambayo mtu huyo hayaulizi. Nani aliyeamua kiasi cha pesa kilichoachwa? Na chakula kisipotosha, nani anayelala na njaa?

Makala yetu ya juma hili yanayafuata maswali hayo nchini Uingereza, tangu mwaka 1899 hadi miaka ya 1970. Tumeichagua nchi hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, huko watafiti waliingia katika nyumba za maskini na kuandika, peni kwa peni, ni chakula gani kilichonunuliwa na nani aliyekila. Pili, mabishano juu ya sufuria ya maskini yalipanda hadi Bungeni na kuwa sheria. Na kama tutakavyoona, mabishano hayo hayakubaki Ulaya peke yake. Yalivuka bahari hadi Afrika Mashariki.

Hesabu za York

Mwaka 1899 Seebohm Rowntree, mwana wa familia iliyomiliki kiwanda kikubwa cha chokoleti katika mji wa York, kaskazini mwa England, alifanya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika mitaa ya wafanyakazi. Familia 11,560 zilihesabiwa, zenye watu 46,754. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1901 yaliwashtua wasomaji: asilimia 27.84 ya wakazi wote wa mji huo walikuwa wakiishi katika umaskini.

Rowntree alikadiria kuwa mume, mke na watoto watatu walihitaji shilingi 21 na peni 8 kwa wiki ili waweze kuishi tu. Tukumbushane kwamba wakati ule pauni moja ilikuwa na shilingi 20, na shilingi moja ilikuwa na peni 12. Katika hesabu hiyo hamkuwamo nauli ya treni, gazeti, stempu ya barua, tumbaku wala bia. Chakula alichokipangia familia hiyo hakikuwa na nyama mbichi ya buchani hata kidogo. Hata hivyo, kibarua wa kawaida mjini York alilipwa baina ya shilingi 18 na 21 kwa wiki. Maana yake ni kwamba mtu aliyefanya kazi siku zote sita, asiyelewa wala kucheza kamari, bado hakuweza kuifikia hesabu hiyo.

Sasa hapo palizuka kitendawili. Ikiwa mshahara hautoshi, mbona vibarua wengi walionekana wana nguvu za kubeba mizigo? Jibu la Rowntree lilikuwa la wazi na la kuumiza. Baba alikuwa na nguvu kwa sababu mama na watoto walijinyima. Mama alijua kwamba nyumba nzima inautegemea mgongo wa mume. Mgongo huo ukivunjika, wote wameangamia. Kwa hiyo kipande cha nyama kilikwenda kwa baba, na waliobaki walikula mkate na chai.

Huo haukuwa ujinga, wala haukuwa mapenzi matupu. Ilikuwa hesabu, tena hesabu sahihi kwa mtu asiye na njia nyingine.

Lawama kwa akina mama

Wakati huohuo Uingereza ilikuwa ikipigana na Makaburu huko Afrika Kusini, vita vilivyodumu kuanzia 1899 hadi 1902. Maelfu ya vijana waliojitokeza kuandikishwa jeshini walikataliwa kwa sababu ya udhaifu wa mwili. Wakubwa wa dola walishtuka: je, taifa lenye himaya kubwa kuliko zote duniani linazaa watu dhaifu? Kamati ya serikali iliundwa mwaka 1903 na ikatoa ripoti yake mwaka 1904.

Kamati hiyo ilisema mengi ya maana juu ya makazi mabovu, moshi na maziwa machafu. Halikadhalika ilipendekeza watoto wa shule wenye njaa walishwe, na mwaka 1906 Bunge lilipitisha sheria ya kuziruhusu halmashauri kutoa chakula shuleni. Lakini katika ripoti ile, na zaidi katika mazungumzo yaliyoizunguka, mkosaji mmoja alitajwa tena na tena: mke wa mfanyakazi. Ilisemwa kwamba hajui kupika, hajui kupanga, ananunua mkate na chai badala ya dengu na uji. Dawa iliyopendekezwa ni kuwafundisha wasichana mapishi.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Miaka michache baadaye, baadhi ya wenye shibe walikwenda kujionea wenyewe.

Vitabu vya hesabu vya Lambeth

Lambeth ni sehemu ya London iliyo kusini mwa mto Thames, mkabala na majengo ya Bunge. Kuanzia mwaka 1909, kundi la wanawake la Chama cha Fabian, chama cha wasomi wenye siasa za kisoshalisti, lilianza kuzitembelea kila wiki familia za wafanyakazi wa hapo. Hawa hawakuwa mafukara wa mwisho. Walikuwa familia za wachukuzi, wasaidizi wa mafundi na makuli wenye kazi, waliopata takriban pauni moja kwa wiki. Akina mama waliombwa kuweka hesabu ya kila peni iliyotumika. Wengine hawakujua kuandika vizuri, ikawabidi waume au watoto wao kuwasaidia.

Aliyeandika kitabu cha uchunguzi huo, kilichotoka mwaka 1913, ni Maud Pember Reeves, mwanamke aliyekulia New Zealand, nchi iliyowapa wanawake haki ya kupiga kura tangu mwaka 1893.

Vitabu vile vidogo vya hesabu vilisema jambo ambalo kamati ya serikali haikulisikia. Kwanza ilitoka kodi ya nyumba, ambayo peke yake ilikula kama thuluthi ya pesa zote. Kisha makaa ya mawe, na peni za kutia katika mita ya gesi. Kisha bima ya maziko, iliyolipwa kila wiki kwa kila mtoto, kwani katika mitaa ile watoto walikufa mara kwa mara na hakuna mama aliyetaka mwanawe azikwe na serikali kama fukara. Baada ya hayo yote ndipo chakula kilipopata zamu yake. Kodi haipungui. Bima haipungui. Kinachopungua ni chakula.

Ndani ya chakula chenyewe mlikuwa na madaraja. Baba alipata nyama, au samaki, au yai, kila siku ilipowezekana. Watoto walipata mkate wenye majarini au mafuta ya nyama yaliyoganda, viazi, na ladha ya nyama siku ya Jumapili. Mama alikula kilichosalia, kama kilisalia.

Mabibi wa Fabian nao walikuja na ushauri wao, hasa ule wa uji wa oti, chakula cha bei nafuu chenye lishe. Akina mama wa Lambeth waliwajibu kwa upole, na majibu yao ni somo hadi leo. Uji unataka kukorogwa motoni kwa muda mrefu, na moto ni pesa. Unataka maziwa na sukari, na hivyo havikuwapo vya kutosha. Sufuria ya kuupikia ni ileile moja iliyopika samaki jana, nayo ni nyembamba na huunguza. Na uji ukiungua, baba na watoto hawauli, na chakula kilichomwagwa ni hasara isiyofidika. Mkate, kwa upande wake, hununuliwa umekwisha pikwa, hautaki sahani wala kijiko, mtoto anaweza kuula mlangoni, na hakuna anayeukataa.

Reeves aliondoka Lambeth akiwa amesadiki jambo moja: wale wanawake hawakukosa elimu ya mapishi. Walikosa pesa. Yeye mwenyewe alikiri kwamba mtu wa tabaka lake, akipewa pauni ile moja na watoto wale, asingeweza kufanya vizuri zaidi.

Jikoni kwa matajiri

Ili kuufahamu umbali uliokuwapo, tuvuke mto twende katika nyumba za watu wenye uwezo. Huko bibi wa nyumba hakushika mwiko. Mwanzoni mwa karne ya 20 zaidi ya wanawake milioni moja nchini Uingereza walikuwa watumishi wa nyumbani. Bibi alikaa na mpishi wake asubuhi, wakapanga chakula cha siku, na mpishi akaenda kutekeleza. Kitabu maarufu cha Isabella Beeton, kilichotoka mwaka 1861, kilikuwa na mamia ya kurasa za mapishi, lakini kilianza kwa kumfundisha bibi namna ya kuwasimamia watumishi na kuziweka sawa hesabu za nyumba.

Tusidanganyike lakini. Bibi huyo naye alipokea posho kutoka kwa mumewe, na mara nyingi hakujua mume anapata kiasi gani. Tofauti ni kwamba kosa lake halikumnyima mtoto chakula. Mwanamke wa tabaka la juu aliamua kwa kusema. Mwanamke maskini aliamua kwa kukosa. Wote wawili waliitwa malkia wa nyumba, ilhali hazina ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Bahasha ya Ijumaa

Si waume wote waliotenda sawa. Wanahistoria waliokusanya masimulizi ya wazee katika jimbo la Lancashire wanaeleza desturi ya mume kumkabidhi mkewe bahasha ya mshahara ikiwa haijafunguliwa, kisha mke humrudishia kiasi kidogo cha matumizi yake binafsi. Katika miji ya viwanda vya pamba ya jimbo hilo wanawake wengi walioolewa walikuwa wafumaji, wakipata ujira wao wenyewe, na sauti zao nyumbani zilisikika. Kwingineko, hasa katika sehemu za London, mume alitoa kiasi alichokipenda na kubaki na kingine, na mke asingethubutu kuuliza kilichobaki ni kiasi gani.

Sheria nayo ilikuwa na kauli yake. Tangu mwaka 1882 mke wa England aliruhusiwa kumiliki mali na mapato yake mwenyewe. Lakini je, mke asiye na ajira, aliyebana pesa za matumizi na kuweka akiba, akiba ile ni ya nani? Swali hilo lilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1943. Mke mmoja alikuwa ameweka zaidi ya pauni 100 katika chama cha ushirika, pesa alizozibana kutoka katika matumizi ya nyumbani. Mahakama iliamua kwamba pesa hizo ni za mume, kwa kuwa yeye ndiye aliyezitoa. Ubanifu wa mke, safari zake za kutafuta viazi vya bei ndogo, na sahani aliyojinyima, havikuhesabiwa kuwa kazi. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1964 ndipo Bunge likaamua kwamba akiba ya namna hiyo igawanywe nusu kwa nusu.

Msikilizaji wa Zanzibar, Mombasa au Muscat huenda hapa akatikisa kichwa, kwani katika sheria ya Kiislamu nafaka ni wajibu wa mume, na mali ya mke hubaki kuwa ya mke. Wanawake wa Zanzibar walikwenda mbele ya makadhi kudai haki hiyo katika enzi zilezile za ulinzi wa Waingereza. Kudai na kupata, bila shaka, ni mambo mawili tofauti. Lakini angalau dai lilikuwa na jina na lilikuwa na mlango wa kubisha.

Vita vyafungua njia

Badiliko la kwanza kubwa lilikuja kwa njia isiyotarajiwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914 na mamilioni ya wanaume kwenda jeshini, serikali ilianza kuwalipa wake wa askari posho moja kwa moja, na posho hiyo iliongezeka kwa kila mtoto. Kwa mara ya kwanza wanawake wengi maskini walishika kila wiki pesa zisizopungua, zisizopitia baa, na zisizokatika mvua inaponyesha bandarini na kazi kusimama.

Mjini Liverpool, mmoja wa wasimamizi wa posho hizo alikuwa Eleanor Rathbone, binti wa familia tajiri ya wafanyabiashara, aliyezaliwa mwaka 1872. Aliyoyaona yalimfanya ajiulize: kama jambo hili linawezekana wakati wa kuua, mbona lisiwezekane wakati wa kulea? Mwaka 1924 alichapisha kitabu kilichopinga wazo kwamba mshahara wa mwanamume ni mshahara wa familia. Mwajiri, alisema, humlipa mwenye watoto sita sawasawa na asiye na mtoto, na hakuna anayehakikisha kwamba pesa zinafika kwenye sahani ya mtoto. Alidai taifa limlipe mama kwa ajili ya watoto. Mwaka 1929 alichaguliwa kuwa mbunge, na akaendelea kuligonga jambo hilo kwa miaka 16.

Kutoka Aberdeen hadi Kenya

Mnamo miaka ya 1930, ukosefu wa ajira ulipoenea, sayansi ya lishe iliingia katika mabishano. John Boyd Orr, mkuu wa taasisi ya utafiti huko Aberdeen, Scotland, alichapisha mwaka 1936 uchunguzi ulioyagawa mapato ya Waingereza katika makundi sita. Kundi la chini kabisa, watu wapatao milioni nne na nusu, lilitumia kama shilingi nne tu kwa kichwa kwa wiki kununua chakula. Watu wa kundi hilo walikunywa chini ya painti mbili za maziwa kwa wiki. Wa kundi la juu walikunywa zaidi ya tano.

Jina la Orr lina uhusiano na Afrika Mashariki. Miaka mitano kabla, mwaka 1931, yeye na Dakta John Gilks, mkuu wa idara ya tiba ya Kenya, walitoa ripoti iliyolinganisha lishe ya Wakikuyu na ya Wamasai. Ripoti hiyo ilisomwa sana kwa ajili ya ulinganisho wa maziwa na nafaka. Lakini ndani yake mlikuwa na jambo jingine lililopewa uzito mdogo: wanawake wa Kikuyu hawakula sawa na wanaume wao, kwani walikula mboga za majani ambazo aghalabu wanaume hawakuzila. Kumbe hata huko, kuuliza kabila fulani linakula nini hakutoshi. Lazima uulize: ni nani, ndani ya nyumba?

Jedwali za Orr za Uingereza nazo zilikuwa na upungufu huohuo. Ziliigawa nyumba kwa idadi ya vichwa, kana kwamba kila kichwa hupata fungu lake. Pengo hilo lilizibwa mwaka 1939, wakati Margery Spring Rice alipochapisha habari za wanawake 1,250 walioolewa wa tabaka la wafanyakazi. Chini ya thuluthi moja yao ndio walioweza kusemwa kuwa na afya njema. Upungufu wa damu, maumivu ya mgongo na meno yaliyooza vilichukuliwa kuwa ndiyo maisha. Walikuwa ndio wapishi wa taifa, na ndio waliokula vibaya kuliko wote.

Mwaka huohuo wa 1939 ilitoka mjini London ripoti juu ya lishe katika makoloni. Ilikiri kwamba umaskini ndio chanzo kikubwa, kisha ikataja tena jambo tulilolisikia mwaka 1904: ujinga. Na kama ilivyokuwa Uingereza, ni rahisi zaidi kufundisha mapishi kuliko kupandisha mishahara. Baada ya vita, madarasa ya upishi, ushonaji na usafi kwa wanawake yalienea Afrika Mashariki, yakiwamo ya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa Kenya mwaka 1952 chini ya idara ya serikali. Wanawake wengi walifaidika na mafunzo hayo. Lakini mkono mtupu haulambwi, na mwanamke anayefundishwa kupika yai lazima kwanza awe na yai.

Mgao wenye jina la mtoto

Mnamo tarehe 8 Januari 1940, Vita Kuu ya Pili ikiwa imeanza, serikali ya Uingereza ilianza mgao wa chakula: kwanza bekoni, siagi na sukari, kisha nyama, chai na vinginevyo. Mgao huo ulidumu miaka 14, hadi Julai 1954.

Kila mtu alipewa kitabu chake cha mgao. Hilo laweza kuonekana dogo, lakini lilikuwa jambo jipya kabisa. Tajiri na maskini walipewa kiasi kilekile cha siagi kwa bei ileile. Mtoto mchanga alikuwa na kitabu chenye jina lake. Wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa na kitabu cha rangi ya kijani, na kuanzia Julai 1940 walipata painti moja ya maziwa kila siku kwa bei ndogo, au bure kwa wasiojiweza. Chini ya Waziri wa Chakula, Lord Woolton, fungu la mtoto halikuwa tena huruma ya mzazi wala bahati ya mshahara. Lilikuwa haki iliyoandikwa.

Je, mama naye alikula fungu lake? Wanahistoria wanatuonyesha kwamba mara nyingi hakulila. Nyama na siagi ya mama ilipita kimyakimya hadi kwenye sahani ya baba au ya mtoto. Serikali iliweza kupanga mgao hadi mlangoni. Kutoka mlangoni hadi mezani, desturi ya zamani ndiyo iliyogawa. Hata hivyo, vifo vya watoto wachanga vilikuwa vimepungua kufikia mwisho wa vita, na chakula cha maskini kilikuwa bora kuliko kabla ya vita.

Kura ya mwaka 1945

Mwaka 1945 serikali ilileta Bungeni muswada wa posho ya familia. Rathbone, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alipousoma aliona jambo lililomchoma: posho ile ingekuwa mali ya baba. Baada ya miaka yote ile, pesa zingepitia mfuko uleule. Alitangaza kwamba akilazimika ataupigia kura ya kuupinga muswada alioupigania maisha yake yote. Wabunge waliruhusiwa kupiga kura kwa dhamiri zao, na muswada ukabadilishwa. Posho ikawa ya mama.

Malipo ya kwanza yalitolewa katika ofisi za posta tarehe 6 Agosti 1946: shilingi tano kwa wiki kwa kila mtoto, isipokuwa wa kwanza. Rathbone hakuiona siku hiyo. Alifariki dunia tarehe 2 Januari mwaka huohuo.

Mabishano yalirudi miaka 30 baadaye. Sheria ya mwaka 1975, iliyosimamiwa na waziri Barbara Castle, ilikusudia kuunganisha posho ya mama na nafuu ya kodi ambayo baba aliipata katika mshahara wake, ili zote ziwe ruzuku moja ya watoto na apewe mama. Mwaka 1976 Castle aliondolewa katika Baraza la Mawaziri na mpango ukawekwa kando. Hofu ilikuwa kwamba wafanyakazi wanaume wangekasirika kuona mishahara yao imepungua. Siri za mazungumzo ya mawaziri zilivuja hadi kwenye jarida moja la London, kelele zikapigwa, na ruzuku ikaanza mwaka 1977, ikakamilika mwaka 1979.

Ni nini kilichotokea pesa zilipotoka kwa baba kwenda kwa mama? Mwaka 1997 wachumi watatu, Shelly Lundberg, Robert Pollak na Terence Wales, walichapisha jibu. Walichunguza ununuzi wa nguo, na wakaona kwamba baada ya badiliko lile matumizi ya nguo za wanawake na za watoto yaliongezeka yakilinganishwa na ya nguo za wanaume. Kwa nini nguo? Kwa sababu shati la mwanamume na gauni la mtoto hutambulikana, ilhali sufuria haina jina la mtu. Na hiyo ndiyo sababu njaa ya mama iliweza kufichika kwa muda mrefu hivyo.

Swali lingali hai

Tangu wakati huo wazo la kumlipa mama limeenea. Mexico ililifuata mwaka 1997, Brazil mwaka 2003, na nchini Tanzania wengi wa wanaopokea ruzuku ya kaya maskini ya TASAF ni wanawake. Uingereza yenyewe, kuanzia mwaka 2013, imeyaunganisha malipo mengi ya wasiojiweza kuwa malipo mamoja, ambayo kwa kawaida huingia katika akaunti moja ya nyumba. Vyama vya kutetea wanawake vimeuliza mara nyingi swali ambalo Rathbone angelitambua mara moja: akaunti ya nani?

Kuna tahadhari moja lakini. Kumpa mama pesa ni kumpa pia jukumu. Pesa zikiwa chache mno, yeye ndiye atakayelaumiwa, kama alivyolaumiwa mwaka 1904. Kumkabidhi mtu mkoba mtupu si kumpa mamlaka, ni kumtwika mzigo. Wanawake wa York na Lambeth walikuwa wakiamua kila siku: wakate kipande gani, wamkatie nani, na wao wenyewe wakose nini. Kuamua waliamua. Kilichokosekana ni pesa za kuamulia.

Basi, msikilizaji, ukisikia popote duniani, iwe kijijini au katika mkutano wa wakubwa, kwamba watoto wana utapiamlo kwa sababu mama zao hawajui kuwalisha, ulizia kwanza kitabu cha hesabu. Uliza kodi ni kiasi gani, bei ya mkaa ni kiasi gani, nani anashika pesa, na kilichobaki sufuriani kilikwenda kwa nani. Kisha angalia sahani ya mama.